Nilivyovuta Wavu kwenye Chumba cha Macho

Sijui nitapitaje tena mtaani kwetu Buzebazeba bila kuchekwa. Juzi nilikwenda hospitali kutibiwa macho kwa leza, maana sukari imeanza kuyaharibu. Kwenye benchi, jirani yangu Bi Mwamini alikuwa anatetemeka. Nikamcheka. "Mwanaume aliyekulia kwa wavuvi wa Katonga haogopi taa," nikasema, benchi zima likasikia.

Ndani nikaegemeza kidevu kwenye mashine. Mwale wa kwanza uliponichoma, nililia kama mbuzi. Nesi akanipa mkono wake.

"Hatuchomi sindano, mzee. Kichwa kitulie tu. Minya mkono wangu, pumua polepole, ukumbuke mahali ulipokuwa na raha."

Nikakumbuka Katonga ya utoto wangu, asubuhi, mchanga bado wa baridi, marehemu baba akiwaimbisha watu wavute wavu. Kila mwale ukawa jua linalometameta ziwani. Mkono wa nesi ukawa kamba. Nikaita kama alivyoita baba: "Haya, wavu huo!"

Kwa mbali wakaitika: "Uje nchi kavu!"

Nikaita tena, wakaitika tena, wengi, kama zamani. Machozi yalinitoka, na si ya maumivu.

Jicho moja lilipokwisha, nesi akafungua pazia huku akijikanda vidole. Benchi zima lilikuwa linanitazama. Bi Mwamini alikuwa hatetemeki tena.

"Pumzika kidogo, nahodha," akasema. "Jicho la pili bado, na sisi huku tumechoka kuvuta."