Abiria Ambaye Hakuambiwa Ashuke

Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, na siku hizo macho yangu yalikuwa hayajui miwani. Ukitaka kuamini, amini. Ukitaka kucheka, cheka, mimi nimezeeka na kicheko cha mtu hakiniondolei kitu. Shule sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki. Basi waliokuwemo nitakutajia majina yao.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Jericho, Nairobi, mimi na mume wangu Jafeti Kisia. Nilimwita Baba Kageha, kwa sababu Kageha ndiye kifungua mimba wetu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Industrial Area, kwenye viwanda, na mikono yake ilijaa makovu madogo ya cheche. Basi Mungu akamfungulia, akapata kazi Zambia, kwenye migodi ya shaba. Mshahara mzuri, nyumba ya kampuni, watoto wasome. Walimpa siku ya kuripoti, wakamwambia asipofika siku hiyo nafasi inapewa mwingine.

Wengi wakihamia nchi ya nje huuza gari. Baba Kageha akakataa katakata. Alikuwa na Pijo, stesheni wagoni, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na nadhani baada ya Mungu na ugali moyoni mwake lilifuata gari hilo. Alisema kule Zambia gari ni taabu kulipata, na mtu akifika ugenini akiendesha gari lake anapokelewa kama mtu. Akahangaika na karatasi za kutoa gari nchini mpaka akazipata. Jioni moja akaja na mkebe wa rangi nyeupe, akachora nyuma ya gari lile duara la EAK, ili huko mbele wajue limetoka Kenya.

Jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Wanjiru, alitoka na mtoto mgongoni akasimama kutazama.

“Haki Mama Kageha,” akasema, “hata gari limepata pasipoti na mimi sijawahi kuvuka Thika!”

Tulicheka. Nilikuwa sijui bado.

Hapa lazima nikwambie habari za Shadrack Lugalia. Huyu alikuwa kijana wa kwetu Maragoli, mfanyakazi wa kiwanda, alikuwa akikaa nyumba iliyotazamana na yetu. Mtu mpole. Jumapili alikuwa anakuja kula kwangu, ananiita shemeji, anasifu mboga hata nikiiunguza. Mwaka mmoja kabla ya habari za Zambia alishikwa na homa, akafa. Mtu wa kwetu akifia Nairobi hazikwi Nairobi, anarudishwa nyumbani, na gari lililopatikana la kumrudisha lilikuwa Pijo letu. Suti yake ya kahawia niliipiga pasi mimi. Kifungo kimoja kilikuwa kimetoka, nikakishona kwa uzi mweusi kwa sababu wa kahawia sikuwa nao.

Safarini sikwenda. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu Timona siku chache nyuma. Alikwenda Baba Kageha akiendesha, na kaka yake Shadrack aliyeitwa Elia Mudave, pamoja na vijana wawili wa kanisani. Walizika, wakarudi.

Tangu siku hiyo gari likawa linalala. Yaani upande wa nyuma kushoto umeshuka, kama limebeba mtu mnene, hata likiwa tupu. Baba Kageha akalipeleka Makadara kwa fundi wetu Mutiso, Mkamba mmoja mwenye mdomo. Mutiso akabadilisha springi. Likalala tena. Akabadilisha zingine.

“Mzee,” akamwambia mume wangu, “springi ni mpya, chesisi haina kosa. Kama umeficha mtu huko nyuma, mwambie ashuke, mimi springi nimemaliza.”

Baba Kageha alicheka mpaka akapiga bodi ya gari. Mutiso naye alikuwa anatania tu. Wewe hebu fikiria neno hilo. Hakujua amesema nini.

Siku moja kabla ya kuondoka tuliagana na watu. Baba Kageha alileta nyama kutoka soko la Burma, tukala na majirani mchana, na kitanda na kabati tulikuwa tumeshauza. Jioni ikaanza kunyesha, ile mvua nyembamba ya Nairobi isiyo na kelele. Giza lilikuwa linaingia. Nikabeba blanketi zetu kichwani nikazipeleke garini, kwa sababu alfajiri tulitaka tushike njia ya Namanga, mpakani na Tanzania.

Nikafungua mlango wa nyuma. Palikuwa na mtu amekaa.

Niamini, sikushtuka. Nilidhani ni mmoja wa wageni wetu amejikinga mvua. Amekaa upande wa kushoto, mikono juu ya magoti, vile mtu anavyokaa kwenye foleni ya zahanati. Nikamwambia, “Sogea kidogo basi, nipitishe hizi blanketi.”

Hakusogea. Akaniuliza, sauti ya chini, ya mtu aliyechoka:

“Shemeji, bado hatujafika?”

“Tufike wapi?”

“Nyumbani.”

Ndipo nikasikia harufu ya mbao mbichi zilizotoka kupigwa randa. Nikamtazama. Suti ya kahawia. Na kifungo cha katikati, mwanangu, kimeshonwa kwa uzi mweusi.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Watu husema wangepiga kelele, wangekimbia. Mimi nilisimama na blanketi kichwani, maji yananichuruzika mgongoni, namtazama mtu niliyempigia pasi nguo yake ya kuzikwa. Vioo vya gari vilikuwa vimeshika ukungu kwa baridi, lakini mbele ya mdomo wake kioo kilikuwa kikavu.

“Naona mnapakia tena,” akasema. “Watoto wanaimba Namanga, Namanga. Njia hiyo mimi siijui. Mnanipeleka wapi, shemeji? Mama ananingoja.”

Blanketi zikaanguka matopeni. Nilipoinama na kuinuka tena kiti kilikuwa kitupu. Lakini gari lilikuwa bado limelala upande.

Nikaingia ndani nikamvuta mume wangu pembeni. Nilimuuliza swali moja tu: “Siku mlipompeleka Shadrack, nani alimwongelesha njiani?”

Labda wewe ni wa kwingine na hujui. Kwetu, maiti ikirudishwa nyumbani haiachwi kimya kama gunia. Mmoja anakaa karibu na jeneza na kazi yake ni kumwambia marehemu mnapopita. Shadrack, sasa tumefika Naivasha. Shadrack, hii ni Nakuru. Sasa tunavuka mto. Na mkifika mlangoni kwao anaitwa kwa jina lake, anaambiwa, tumefika, shuka. Mwili unaweza kubebwa na watu. Mwenyewe hushuka akiambiwa.

Baba Kageha akatazama chini.

“Elia alikataa,” akasema. “Si unajua ameokoka? Alisema kuongea na maiti ni ushetani. Tuliimba nyimbo mpaka kule, tukatoa jeneza, basi.”

“Hakuna aliyemwambia ashuke?”

“Mama Kageha, mtu amekufa!”

“Yumo garini. Nimeongea naye sasa hivi.”

Alikasirika. Nilimwelewa, lakini alikasirika. Kwetu ni magharibi na Zambia ni kusini, tukienda kwetu kwanza siku ya kuripoti itapita. “Nitawaambia nini hao watu wa mgodi? Kwamba nimechelewa kwa sababu nilikuwa nampeleka marehemu mara ya pili? Watanifunga kwa wazimu!”

Nikamwambia, “Nenda. Lakini mimi na watoto wangu hatupandi. Huyo mtu anataka kwao. Ukimvusha mipaka, atarudi na nani?”

Akachukua funguo, akatoka na hasira zake kunionyesha kwamba garini hamna kitu. Nilimfuata na Kageha ameshika leso yangu. Baba yake akaketi kwenye usukani, akafunga mlango, akanyoosha mkono akakiweka sawa kile kioo cha kutazama nyuma.



Alikaa hivyo, mkono juu ya kioo. Kisha akasema polepole, bila kugeuka, “Mama Kageha, Kageha amepanda huko nyuma?”

“Kageha huyu hapa na mimi.”

Alitoka akauacha mlango wazi. Hakukimbia, alitembea kama mtu anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Akasema maneno mawili tu:

“Namanga itangoja.”

Tuliondoka alfajiri kwenda magharibi. Watoto tuliwaacha kwa Mama Wanjiru, ila Timona aliyekuwa ananyonya. Nilikaa nyuma, kulia, na kushoto kwangu hakukuwa na mtu wa kuonekana. Lakini niliongea. “Shadrack, hii ni Limuru, baridi yake unaijua. Shadrack, tunashuka mteremko wa Escarpment, ule kule ni mlima Longonot. Sasa Nakuru. Sasa tunapanda Londiani.” Mwanzoni niliongea kwa kujilazimisha. Baada ya Nakuru ilinijia kama naongea na yule kijana wa Jumapili, nikamwambia hata Mutiso amechoka na springi zake. Baba Kageha alikuwa analia na kuendesha, analia na kuendesha.

Tulipofika boma la kwao jua lilikuwa bado liko juu. Mama yake, Mama Rispa, alikuwa amesimama mlangoni. Hatukuwa tumempelekea habari, na siku hizo simu ungeipata wapi? Alikuja moja kwa moja, hakutusalimia.

“Mmemleta?” akauliza.



“Nilizika sanduku,” yule mama akasema. “Niliwaambia hawa, mwanangu hajafika. Kila jioni namwekea chakula. Wakasema Rispa ana uchungu, mwacheni.”

Akafungua mlango wa kushoto yeye mwenyewe. Akamwita kwa jina lake la utotoni. Jina hilo nalikumbuka kama yote, lakini sitalitaja hapa, ni lao. Akamwambia, “Tumefika. Shuka, baba.”

Na mimi nilikuwa nimeketi mle ndani, sikusimuliwa. Gari lilipumua. Springi zikalia, upande ule ukapanda taratibu hadi ukawa sawa na mwingine. Mama Rispa akageuka akaelekea kaburini nyuma ya nyumba, akitembea pole pole, mkono mmoja ameunyoosha kando kidogo, vile unavyomshika mtu mgonjwa. Hatukumfuata.

Tulifika Zambia tumechelewa. Kazi ya fundi mkubwa ilikuwa imepewa mtu, wakamwanzisha chini kabisa, na ilimchukua miaka kupanda. Hakunilaumu hata siku moja. Pijo lilituhudumia vizuri sana, halikulala upande tena, na wenzake wakimsifia gari alikuwa ananitazama tu.

Kisha miaka ya themanini kifua kikamshika. Vumbi la chini ya ardhi kule mgodini. Akafa tungali ugenini.

Wakubwa wa mgodi walikuwa watu wazuri, walisema watamzika vizuri palepale. Nikawaambia, asanteni, lakini gari lake lipo. Rafiki yake mmoja, Bwana Mwila, alikubali kuendesha. Timona alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma na jeneza, nikaanza kuongea.

Mpakani Tunduma askari mmoja aliinama dirishani. “Mama, unaongea na nani?”

“Na mume wangu. Namwambia tumefika Tunduma.”

Alitazama jeneza, akanitazama. Akavua kofia. “Basi mwambie karibu Tanzania,” akasema, akafungua kizuizi. Jina lake sikumuuliza, na katika safari ile yote hilo ndilo jina ninalojuta kutolijua.

Mbeya nilimwambia. Iringa nilimwambia, na Morogoro, na Arusha. Pale Namanga nilimwambia, “Baba Kageha, ilikungoja kweli.” Nairobi nilimwomba Mwila apitie barabara ya Jogoo, nikamwonyesha mlango wetu wa Jericho, ambao sasa ulikuwa na pazia la watu wengine. Sauti ilikauka, nikaendelea kwa kunong'ona. Tulipoingia bomani kwao nilimwita jina lake lote, Jafeti Kisia, nikamwambia, “Tumefika. Shuka.” Nikanyamaza kusikiliza.

Springi zilipolia, ndipo nilipolia na mimi.

Siku hizi naona wajukuu zangu wanapata kazi nje, wanauliza watasafirishaje gari, kodi ya bandarini ni kiasi gani. Vizuri, ulizeni hayo. Lakini ulizeni pia gari hilo limewahi kumbeba nani, na kama aliambiwa amefika. Usinunue, usivushe mpaka, kabla hujajua. Na ukimbeba mtu wako usimfungulie redio akasafiri kama mzigo.

Mimi nimeshamwambia Timona, ambaye sasa ana mvi zake. Siku yangu ikifika, akae karibu nami anitajie njia, Limuru, Naivasha, Nakuru, asiruke hata kituo kidogo. Majina yote nayajua, ndiyo. Lakini siku hiyo sitaweza kujitajia mwenyewe.