Tamthilia tuliyoiangalia sebuleni ilitufuata msibani: mashine ya mama ilivyozima tukiwa na marehemu

Wakuu, salamu kutoka Songea.

Najua humu mtu akianza kusimulia, wengine mnakwenda kutafuta vitafunwa mkidhani ni chai. Hii si chai, si stori ya kutunga. Natamani ingekuwa chai.

Nimeandika na kufuta mara nne, kwa sababu kila nikisoma naona hasira imezidi adabu. Leo naupandisha uzi hivyohivyo.

Mimi nimemaliza chuo, kazi bado, nakaa nyumbani na mama. Kasoro yangu muijue mapema: nawaza kupita kiasi. Nikituma meseji isijibiwe, kichwani nimeshaandaa sababu kumi, na zote ni mbaya. Dada yangu Editha ananiita "Tume ya Uchunguzi".

Mama mapafu yake yameharibika.

Hajawahi kuvuta sigara hata moja. Ila ujana wake wote ameumaliza kule Namtumbo kwenye mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa moshi, akichochea kuni. Tumbaku ya kuvutwa na watu asiowajua. Hilo peke yake linatosha uzi mzima, lakini ngojeni.

Daktari alisema anahitaji oksijeni saa nyingi kila siku. Ikatokea kampuni moja inakodisha mashine ndogo za oksijeni za nyumbani. Unalipia kwa simu kila mwezi, kama king'amuzi. Usipolipa inajifunga. Jina silitaji, mods wasije wakaufuta uzi.

Akaja wakala wao, kijana mchangamfu anaitwa Fredi, na tablet mkononi. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, nikapewa mkataba niusome.

Nikausoma kweli. Nikafika mahali pameandikwa kwamba kifaa kitatumika "ndani ya eneo la huduma lililosajiliwa".

Nikasimama hapo.

"Fredi, hili eneo maana yake nini? Tukisafiri je?"

"Bro, mgonjwa wa oksijeni anasafiri kwenda wapi? Dubai?"

Sebule nzima ikacheka. Hata mama alicheka mpaka akakohoa. Nikauliza tena. Editha akanikata: "Tume imeanza kikao. Mama anatafuta pumzi, wewe unahesabu koma!"

Niliona aibu, wakuu. Nikabonyeza Nakubali.

Nataka mlikumbuke hilo. Mimi ninayewaza kila kitu, siku pekee iliyohitaji niwaze mpaka mwisho, nilinyamaza ili nisionekane msumbufu.

Mashine ikafanya kazi vizuri, sitasema uongo. Mama akaanza kulala kitandani kama watu, badala ya kulala ameketi kwenye kiti. Tuliwaombea kheri hao watu. Editha alitaka kumchinjia Fredi kuku.

Sasa, kipindi hichohicho kulikuwa na tamthilia kwenye TV tunaifuatilia kila jioni. Nchi moja ya kubuni, kampuni inawawekea watu moyo wa mashine bure kabisa. Kuna mama mmoja fundi cherehani, amewekewa. Baada ya muda wanaanza kuleta madaraja ya malipo. Daraja la chini, moyo unapiga pole, unaweza kukaa tu. Ukitaka kusimama na kushona, panda daraja. Ukitaka kucheza kwenye harusi ya mwanao, nunua siku.

Mama alikuwa anaiangalia na mipira ya oksijeni puani, anamgombeza fundi cherehani kama jirani yake. "Mjinga wewe, usikubali! Hao wanakuchekea tu!"

Nikamwambia, mama, hizi ni hadithi za dunia iliyoharibika, watunzi wanatutisha.

Akasema, "Mtu hatungi asichokiona, baba."

Nilimcheka.

Halafu mjomba akafariki.

Mjomba alikuwa kaka yake mama, ndugu pekee aliyekuwa amebaki naye katika tumbo lao. Alikuwa anaishi kijiji kimoja upande wa Hanga. Kwa ukoo wetu, dada wa marehemu ndiye anayekaa kichwani mwa jeneza, na halifungwi mpaka yeye amemuaga. Akiwa hai na hakuja, hilo ni neno litakalosemwa hadi kwa wajukuu.

Mama hakuuliza kama anaweza kwenda. Aliuliza tunaondoka saa ngapi.

Jumamosi asubuhi tukakodi Noah ya jirani. Mashine ina betri ya njiani, na kule msibani kulikuwa na jenereta ya kukodi. Nilipiga hesabu zote. Mafuta ya jenereta, waya wa akiba, hata barua ya daktari nilibeba.

Tulipovuka kipande fulani cha barabara, taa ya mashine ikageuka njano. Nikadhani ni betri. Tumefika tu, tumemkalisha mama kando ya jeneza, nimechomeka waya, mashine ikaongea. Sauti ya dada mmoja, laini, mbele ya waombolezaji wote:

"Ndugu mteja, kifaa chako kipo nje ya eneo la huduma. Tafadhali rudi nyumbani au boresha kifurushi chako."

Ikazima.

Katekista alikuwa katikati ya sala. Akanyamaza. Msiba mzima ukageuka kuitazama mashine.

Wakuu, mimi nilijua palepale. Kabla sijagusa kitufe chochote, nilimwona Fredi akisema Dubai.

Simu kule hazishiki mpaka upande kichuguu kimoja nyuma ya shule. Nikakimbia nikapanda. Customer care wakanipigia muziki. Bonyeza moja, bonyeza tatu. Mwishowe akapokea dada mmoja.

"Dada, mama yangu anakosa hewa, mashine imejifunga, tuko msibani."

"Pole sana kaka. Naona hapa una Kifurushi cha Nyumbani. Ungependa kuhamia Kifurushi cha Safari?"

"Napenda! Nalipia sasa hivi!"

"Sawa kaka. Ukishalipia, wakala atahakiki kifaa ndani ya siku za kazi."

"Leo Jumamosi!"

"Ndiyo kaka. Itakuwa Jumatatu."

"Jumatatu mama yangu atakuwa amekufa. Wewe ungekuwa na mama yako hapa ungesema Jumatatu?"

Nikasikia anapumua. Halafu akashusha sauti. "Kaka, hii simu inarekodiwa. Mfumo hauniruhusu. Mrudishe tu upande wa mjini, ukifika ndani ya eneo itawaka yenyewe." Akakata.

Nilirudi mbio. Mama midomo imebadilika rangi, Editha anampepea na kanga. Nikamwambia tunaondoka. Akatikisa kichwa. Hawezi kusema, lakini mkono ameushika ubao wa jeneza, hauachii. Ilibidi Editha amfungue kidole kimoja kimoja. Tena Editha yuleyule aliyenicheka nahesabu koma, analia kuliko mimi.

Sijawahi kuona kitu kibaya kama kile. Na hakuna jambazi aliyefanya. Limefanywa na sentensi moja kwenye mkataba.

Njiani nimeipakata mashine, nabonyeza kila baada ya sekunde chache. Nyekundu. Nyekundu. Mama kichwa kimelala begani kwa Editha. Dereva anakanyaga tu.

Tukafika sehemu wanayopanga magunia ya mkaa kando ya barabara. Hakuna hata nyumba. Taa ikawa kijani.

"Karibu tena nyumbani!"

Tukasimama hapohapo. Mama akavuta pumzi, akavuta, akavuta. Rangi ikaanza kurudi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Wamemzika?"

Nikapiga simu kijijini kwa kijana mmoja niliyemwomba abaki pale kwenye kichuguu asubiri simu yangu, akaenda kumwita Mzee Osmund, binamu yake marehemu, ndiye msemaji wa ukoo. Nikamweleza. Akauliza, "Hapo mlipo, hicho kidude kinapumua?"

"Kinapumua, mzee."

"Basi kaeni hapo. Mgonjwa akishindwa kumfuata marehemu, marehemu atamfuata mgonjwa."

Nilidhani ni maneno ya kutia moyo tu.

Wakaja. Jeneza juu ya pikapu, kinamama wamelizunguka wanaimba, katekista kwenye bodaboda nyuma. Mjomba wangu aliyekwisha kufa akasafirishwa kutafuta eneo la huduma.

Pikapu ikageuzwa, ikarudi kinyumenyume mpaka mlango wa Noah. Mama akanyoosha mkono kadiri mpira wa puani ulivyomruhusu. Ukafika kwenye kona ya jeneza. Akasema naye kwa Kingoni, taratibu, mambo yao ya utotoni. Wauza mkaa walivua kofia.

Kisha wakamrudisha kwenda kumzika. Mama akabaki pale anaitazama barabara.

Nikamwambia, mama nisamehe, nilikisoma kile kipengele nikanyamaza. Akasema, "Ulikuwa unauliza. Sisi ndio tulicheka."

Hajanilaumu mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatatu, meseji ikaingia: Umeridhika kwa kiasi gani na huduma yetu? Toa nyota moja hadi tano. Mama akaniuliza wanasemaje. Nikamsomea.

"Waambie marehemu anawasalimu."

Niliandika hivyohivyo nikatuma. Wakajibu: Asante kwa maoni yako.

Fredi hapokei simu. Na mashine bado ipo, inaunguruma chumba cha pili wakati naandika. Mwisho wa mwezi nimelipia tena. Nifanyeje? Niwakomoe kwa pumzi za mama yangu?

Nilichojifunza ni kimoja. Ukiwa mtu wa kuuliza uliza, uliza mpaka wachukie. Waache wakucheke. Aibu ya sebuleni haiui.

Tamthilia tuliacha kuiangalia. Mama anasema fundi cherehani akapambane peke yake, yeye mwisho wake ameshauona.

Wanasheria, mafundi wa vifaa vya hospitali, na yeyote mwenye mgonjwa wa namna hii, karibuni mseme. Nataka kujua kama kuna njia ya mama kwenda kuliona kaburi la kaka yake, na kurudi, bila kuomba ruhusa kwa mashine.