Mabati ya Wodi ya Wazazi

Kila asubuhi, kabla ya kufungua zahanati ya mtaa wa Gerezani, Mzee Likwata, msimamizi wa jengo, alipapasa ukuta wa wodi ya wazazi kuona unyevu umefika wapi. Mwaka mzima aliomba mabati ya paa. Yalipofika, masika yakiwa yameshaanza, kamati ya mapokezi ya sherehe ya mtaa iliyachukua ikaezekea jukwaa la wageni uwanjani.

"Ndugu Likwata, unataka mgeni rasmi anyeshewe?" katibu wa kamati alimuuliza.

"Na kichanga je? Yeye si mgeni?"

Watu waliokuwapo walicheka, katibu hakucheka. "Subiri sherehe ipite."

Siku mbili kabla ya sherehe mvua ilimwagika, na mama mmoja akajifungua chini ya mwavuli ulioshikwa na muuguzi Hyasinta. Mwavuli, ndani ya zahanati! Mchana kweupe Likwata alikwenda uwanjani na nyundo, akayang'oa mabati yote, akayarudisha kwa mkokoteni, akaezeka wodi.

Kesho yake aliitwa ofisini kujieleza. Hyasinta alimfuata mlangoni.

"Mzee, hukuogopa kufukuzwa kazi?"

"Niliogopa, mwanangu, na bado naogopa. Lakini mabati yale ni ya wazazi."