Ukuta wa Shangazi Kule Songwa

Wiki iliyopita nililetewa kitabu kinene cha picha alizochora shangazi yangu, dada yake baba, aliyehamia Ulaya nikiwa darasa la tatu. Binti yangu akanitafsiria. Eti kuchora ng'ombe wa pembe tupu na mistari shangazi alijifunzia huko. Huko! Ndugu yangu, nilikasirika mpaka chai ikapoa.

Sisi wa kijijini Songwa tunajua alikojifunzia. Kila kiangazi, pamba ikishavunwa, wanawake tuliikandika nyumba ya bibi kwa udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe. Unakanyaga mpaka miguu inanuka zizi siku tatu. Shangazi alipewa ukuta wa nyuma. Wengine tulilainisha tu; yeye alichukua masizi ya chungu na majivu, akachora ng'ombe wake. Jirani yetu mmoja alicheka hadi akakaa chini.

"Ng'wana wane, mwanangu, hawa watatembeaje bila miguu?" bibi akamuuliza.

"Mama, wakirudi jioni wewe unaona miguu? Si vumbi na pembe tu!"

Shangazi alipoondoka, ukuta ule ukaachwa misimu miwili bila kuguswa. Kisha ikaja posa ya dada yangu. Wageni wangepitia nyuma, upande wa zizini, na bibi akaogopa wataona masizi ukutani waseme nyumba hii mabinti wake wavivu. Akanipa karai. Nikakandika juu ya wale ng'ombe, tena kwa bidii, shavuni nimeweka michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Jioni bibi alinisifu mbele ya watu, nami nikavimba kichwa.

Leo bibi hayupo, jirani hayupo, na pale pamesimama nyumba ya tofali za saruji. Picha ya kamera hakuna aliyepiga. Nikaona dawa ni kumpigia shangazi mwenyewe, awasahihishe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu."

Nikamwomba awaambie wenye kitabu habari za ule ukuta wa zizini.

"Ukuta gani?"

Nikamweleza yote, masizi, majivu, alivyomjibu mama yake. Akacheka kwa upole, akasema nyumbani kulikuwa na kuta nyingi, pengine namchanganya na mtu mwingine. Nimeudhika, tena sijui nimuudhikie nani. Anayeukumbuka ukuta ule sasa ni mimi peke yangu, na aliyeufuta ni mimi.