Bernadina Hapunguzi Chumvi

Shangazi yangu Bernadina alijifunza Kifaransa kwa sababu ya ugomvi wa watu wengine. Alikuwa mpishi kwenye shamba moja la kahawa kule Oldeani. Bwana mwenye shamba alikuwa Mwingereza, mkewe Mfaransa. Siku za amani walizungumza Kiingereza wote wawili. Wakinuniana, kila mmoja alirudi kwenye lugha ya mama yake na kujifungia humo, na kati yao hapakuwa na njia ila Bernadina na sinia lake. Bwana anasema, "Mwambie supu imepoa." Shangazi anazunguka meza, hatua sita, anasema supu imepoa. Madam anajibu, "Mwambie hata yeye amepoa." Hatua sita tena.

Mara moja tu alimwonea bwana huruma, akamwambia, "Madam anaomba radhi." Bwana akafurahi, akainuka kwenda kumkumbatia mkewe, akachapwa kitambaa cha meza usoni. Wiki nzima nyumba haikukalika. Tangu hapo Shangazi alijiwekea sheria, na huisema mpaka leo: "Maneno ya mtu ni chakula chake. Mimi nabeba sinia tu. Sipunguzi chumvi, siongezi."

Shamba lilipochukuliwa na serikali, wale wazungu waliondoka, naye akarudi kwetu Karatu kulima mahindi na maharage ya ngwara. Kifaransa chake kikalala miaka zaidi ya kumi, mpaka asubuhi moja ya mwaka wa themanini na nne, askari alipotufikia shambani na baiskeli, mimi na Shangazi tukipalilia.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye unayejua Kifaransa?"

"Marahaba. Najua cha jikoni, mwanangu."

"Hakimu amesema cha jikoni kinatosha. Twende."

"Na palizi yangu?"

Askari akaniangalia mimi, mimi nikaangalia jembe. Shangazi akacheka, akasema tukanawe miguu, twende wote.

Kesi ilikuwa ya kijana Mmasai wa huko juu Ngorongoro, jina lake Tobiko. Madam mmoja Mfaransa, mtalii, alimkuta na begi lake lenye pasipoti na kamera. Akapiga kelele, dereva wake na watu wa kambi wakamkamata Tobiko, na tangu siku hiyo alikuwa mahabusu. Yeye alisema alikuwa analirudisha. Lakini mwizi gani hasemi hivyo? Akitiwa hatiani ni jela, na nyumbani kwao hakukuwa na kijana mwingine wa kuchunga. Mama yake, Nareyu, alikuwa ameketi benchi la mbele, shanga zake zikilia kila alipogeuza shingo kumtazama mwanawe.

Hakimu alikuwa amekuja Karatu kutoka mahakama ya Mbulu, na aliandika kila kitu kwa Kiingereza. Kwa hiyo madam angesema Kifaransa, Shangazi angeweka Kiingereza, na karani angemgeuzia Tobiko kwa Kiswahili. Shangazi akaapishwa kwamba atatafsiri kwa ukweli. Akaongeza mwenyewe, "Na chumvi yake, Mheshimiwa." Hakimu akamtazama juu ya miwani, akaliacha lipite.

Mwendesha mashtaka alikuwa Sajenti Sylvesta, mtu wa haraka. Alikuwa na karatasi ya maelezo ya madam, ambayo dereva aliitafsiri siku ile ile polisi. Ilikuwa na mistari minne. "Nilisahau begi langu kwenye mti. Niliporudi halikuwepo. Nilimkuta huyu akiwa nalo. Nikapiga kelele."

"Muulize kama ni kweli, tumalize," Sajenti akasema.

Madam akajibu, na hakujibu mistari minne. Alieleza mti, njia, ukungu, mpaka viatu vyake vilivyolowa. Shangazi akabeba vyote, ukungu na viatu. Kisha madam akasema neno moja, Shangazi akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, hili jikoni halikuwemo. Naomba alionyeshe."

Madam akalichukua begi lililokuwa mezani kama kielelezo, akashika mkanda wake. "Aha!" Shangazi akasema, na akaendelea kwa Kiingereza. Karani akageuza: "Anasema kijana alikuwa ameliweka begi juu ya fimbo, mkanda umening'inia, fimbo ameinua mbele yake, wala mkono wake haugusi begi. Na mkono wa pili alikuwa ameshika..." Karani akasita. "Alikuwa ameshika majani mabichi. Nyasi. Madam alidhani amezing'oa kwa hasira, ndiyo maana akaogopa."

Benchi zote zikasema "Eeeh!" kwa pamoja. Nareyu alisimama kabisa.

"Mheshimiwa, tuache habari za nyasi," Sajenti akasema upesi. "Kwenye maelezo hazimo."

"Ni kwa sababu dereva alipunguza," Shangazi akasema.

"Mama, wewe ni mkalimani!"

"Ndiyo, baba. Nimeletewa nyasi, nimebeba nyasi."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Akamwomba madam aonyeshe vile kijana alivyozishika. Madam akainua mkono juu usawa wa kifua, kiganja kimefumba, kama anayempa mtu ua.

Hakimu alikuwa mzaliwa wa pwani, hana mwaka huku kwetu. Akaweka kalamu chini.

"Sajenti, umefanya kazi Ngorongoro miaka mingapi?"

"Sita, Mheshimiwa."

"Mmasai akija kwako ameshika nyasi mbichi hivyo, wewe unafanya nini?"

Sajenti Sylvesta alitazama karatasi yake. Alitazama dari. Nilimwona jasho limemtoka puani.

"Namkaribisha, Mheshimiwa," akasema. "Amekuja kwa amani."

Hapo kicheko hakikuzuilika, hata Tobiko alicheka na pingu zake. Sajenti, nimpe haki yake, hakungoja kusukumwa. Alisimama wima akasema upande wa mashtaka hauna nia ya kuendelea. Pingu zikafunguliwa.

Nje, Nareyu alimshika mwanawe kichwa, kisha akamtazama madam kwa jicho kali.

"Wewe, mama unayejua Kifaransa," akamwambia Shangazi, "mwambie hivi: alipiga kelele kama punda aliyeona fisi, na mwanangu akalala chini kwenye sementi kwa ajili ya mdomo wake."

Shangazi alivuta pumzi. Nikajua leo sheria yake ina kazi. Akatafsiri, punda na fisi na sementi. Madam akawa mwekundu mpaka shingoni. Akauliza kitu polepole. Shangazi akamweleza maana ya zile nyasi, akiinua mkono kama Tobiko.

 Madam alikwenda kwenye ua wa mahakama, chini ya dirisha, akainama, akang'oa fungu la kijani, akarudi nalo mikono miwili mbele ya Nareyu. Nareyu alimwacha asimame kidogo. Kisha akapokea, akanusa, akatabasamu.

"Jamani, vitunguu vyangu!" karani akapiga kelele dirishani. "Nimevipanda juzi!"

Madam akamgeukia Shangazi kuuliza anasemaje.

Shangazi Bernadina akamtafsiria.