Bi Gundi na Askari wa Tumboni

Wateja walimwita Bi Gundi kwa sababu ukimpa mkono ulikuwa unaondoka na utando wa gundi kiganjani. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha refu. Jua la asubuhi likiingia, vumbi la karatasi lilielea taratibu, naye alijiona anaelea nalo.

"Siumwi sana," alikuwa akisema. "Naelea tu."

Kuelea huko kulidumu miaka. Tumbo lilimjaa gesi, kisha akaharisha. Vidonda vilimtoka mdomoni, nywele zikabaki kwenye kitana. Majirani waliliona tumbo wakamuuliza wampongeze lini. Alimeza dawa za minyoo, dawa za vidonda vya tumbo, na majani machungu ya kila aliyejitokeza na ushauri. Mchana, akishona kurasa, usingizi ulimchukua sindano ikiwa mkononi. Akaota anatembea katika nyumba yenye kuta za karatasi iliyoloa, na kila alipoegemea, ukuta ulibonyea.

Siku alipoanguka juu ya rundo la kamusi, mumewe alimkimbiza hospitali. Walimpima damu, kisha wakamteremshia mpira wenye kamera kooni. Daktari wa matumbo, mama wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza, alimwonyesha picha.

"Unaijua mahameli?"

"Kile kitambaa chenye manyoya laini? Naitumia kwenye majalada."

"Utumbo ulitakiwa uwe hivyo, wenye vinyweleo laini vya kufyonza chakula. Wako umelala, kama mahameli iliyokaliwa miaka."

"Nani kaukalia?"

"Askari wako mwenyewe," daktari alisema. "Kwenye ngano kuna protini inayoitwa gluteni. Kwa watu wengi inapita salama. Kwako wewe, kinga ya mwili inaiona adui. Seli moja inaikamata na kuionyesha kwa nyingine, nayo inamwaga kemikali za kuwaita wenzake: njooni, tumevamiwa! Wanakuja wengi, wanachoma, na kinachoungua ni ukuta wa utumbo wako. Kila gluteni ikiingia, wito unatoka upya. Ndiyo maana uvimbe hauishi."

"Dawa yake?"

"Usiile. Ngano, shayiri, na rai, nafaka ndugu yake ngano. Maisha yako yote."

Aliagana na mkate kama anayeagana na shoga wa utotoni. Nyumbani akatenga sufuria yake, akala wali, viazi na ndizi. Miezi ikapita. Vidonda vya mdomoni vilipungua, lakini kuelea hakukuisha, na damu ilipopimwa tena ilionyesha askari bado wako macho.

"Kuna ngano inaingia mahali," daktari alisema.

"Daktari, naapa, hata chembe ya mkate sijagusa."

Alirudi kazini moyo mzito, kama mtu aliyeitwa mwongo. Wifi yake, dada wa mumewe, msusi asiyeishiwa maneno, akaja kumliwaza.

"Hivi kaka yangu alioa mke au popo? Mchana wote unasinzia!"

Bi Gundi alitabasamu. Akachovya kidole kwenye bakuli la gundi, akapaka mgongo wa kitabu, akapangusa kidole kwenye aproni, akakilamba, akafunua ukurasa. Akachovya tena. Akalamba tena.

Wifi akakifuata kidole kwa macho.

"Gundi hiyo unaipika na nini?"

"Unga na maji tu."

"Unga gani, wifi?"

Kidole kilibaki hewani.

"Wa ngano," Bi Gundi akasema kwa sauti ndogo.

"Basi chakula cha mchana umeshakula. Tena bila sahani."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wifi alipomaliza kucheka, Bi Gundi alikuwa analia.

Akahamia kwenye gundi ya wanga wa muhogo, na kidole akakilowesha kwenye sponji. Mwanzoni gundi ilimgomea. Mwalimu mmoja alirudi na jalada mkono huu, kitabu mkono ule. Akajifunza kuipika nzito zaidi. Tumbo likatulia polepole, nguvu zikaanza kurudi, na usiku akaota analala kwenye nyasi changa zinazoota chini ya mgongo wake.

Daktari alikuwa amemwambia ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Akamfikiria baba yake, mchora mabango mstaafu ambaye tangu ujana aliitwa Mzee Usingizi, na watu wakadhani ni mvivu. Akamshawishi apimwe. Naye alikuwa nao.

"Mwanangu, na umri huu ninyang'anywe biskuti?"

"Jaribu, baba. Kwa ajili yangu."

Alijaribu, akinung'unika. Kisha asubuhi moja akatokea karakana, amekuja kwa miguu, peke yake.

"Mwanangu, hivi watu wote huwa hivi?"

"Hivi vipi, baba?"

"Yaani, wameamka kabisa."

Bi Gundi aliweka sindano chini. Akamvutia kiti. Mzee akakikataa, akasimama dirishani akiutazama mtaa, muda mrefu, kama mgeni aliyefika jana.