Kurasa za Karanga na Ampli ya Papa

Masikio ya papa yalikuwa yanafunga polepole. Aliomba kitu kimoja tu: asikie tena ampli yake ya lampe, kile chombo cha zamani cha kukuza sauti chenye taa za kioo ndani, ile aliyokuwa anapigisha mu maarusi kule Kpandroma, mbele ya kubakia kiziwi kabisa. Ampli ilikuwa mu salon yetu hapa Bunia, na kila nikiiwasha, lampe moja kubwa ilikuwa inakuwa nyekundu sawa makaa. Nilikuwa naizima mbio.

Miye natengenezaka maredio, lakini za kisasa. Mambo ya lampe sikufundishwa. Nikatafuta ku telefone, nikapata vitu vya namna mbili: vya watoto, vinasema lampe ikipata moto inatoa umeme, basi, furahi, na vya mainjinia, hesabu juu ya hesabu mpaka mega za telefone zinaisha. Vya mutu anayejua kulehemu lakini hajui kwa nini, hapana. Ilinikasirisha sana. Kwani wale wanaojua walizaliwa wanajua?

Kiisha nikapata sokoni kitabu cha kifaransa cha zamani juu ya ampli za lampe. Kufika nyumbani, kumbe katikati yake yote imepasuliwa. Mwanzo ulikuwako, mwisho ulikuwako, ile niliyotaka ilikwenda. Nikarudi kwa muuzishaji. Akanionyesha kwa midomo mama wa karanga aliyekaa mbele yake.

Mama yule alikuwa anafungia karanga mu kurasa zangu. Akakatala kuniuzishia karatasi tupu. Yeye anauzishaka karanga.

"Weye, unakula ao unasoma?" akaniuliza siku moja.

"Vyote, mama."

Nyumbani tulikula karanga mpaka watoto wakazichoka. Kurasa zingine zilikuwa za mambo mengine, zingine sikuzipata hata leo. Lakini moja, imejaa chumvi, ndiyo ilinifungua akili. Ilieleza kwa maneno ya kawaida namna lampe kubwa inashikwa na umeme kidogo, sawa ng'ombe kwa kamba. Condensateur iliyo mbele yake, kale kadude ka kuzuia umeme usipite ovyo, ikivuja, kamba inalegea, na lampe inajichoma. Ikaeleza hata pa kupimia. Nikapima: ilikuwa inavuja. Nikaibadilisha, lampe ikatulia, na miye nikalia kidogo kwa furaha.

Siku ya yenga, kiisha misa, nikamukalisha papa mu kiti chake, nikaweka wimbo anaopenda, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Majirani wakatoka mu milango. Mama yangu akaanza kucheza. Papa alikuwa anaangalia lampe, mikono ku magoti.

Nikamuinamia ku sikio, nikapaza sauti: "Papa, unasikia?"

"Usikuwe na haraka, mwana," akasema. "Lampe inapataka moto kwanza. Tungoje."

Nikakaa pembeni yake, tukangoja, na wimbo ukaisha.